Refa na Nchi Isiyo na Bikoni

Jina lake nalijua, na wengi wa Kitengela wanalijua, lakini sitaliandika hapa. Mezani kwetu aliyekufa hatajwi kwa jina. Desturi hiyo tuliipata kwa Lemayian, na nitafika kwake. Kwa hiyo mzee huyu nitamwita kama tulivyomwita miaka yote ile: Refa.

Watu wa mtaa walidhani ni refa wa mpira. Vijana wa uwanjani walikuwa wakimuuliza atawachezesha lini, naye anawajibu kwa upole kwamba firimbi yake imepotea. Hakuwasahihisha hata siku moja. Nilimwambia huo ni uongo. Akasema uongo ni ule unaomnyang'anya mtu kitu. Maneno hayo niliyakumbuka baadaye, na hayakunifurahisha.

Mimi nina duka la agrovet karibu na barabara ya Namanga: dawa za mifugo, chakula cha kuku, mbegu. Nyuma ya duka kuna chumba cha magunia, na humo ndimo tulimokuwa tukicheza kila Jumapili tukishatoka kanisani. Mchezo wenyewe ni wa kuongea. Hauna mpira wala skrini, na hauna mshindi. Mtu mmoja, yaani refa, amechora nchi ambayo haipo, na ni yeye tu anayeijua. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya nchi hiyo, awe mwindaji, mfanyabiashara au mwizi, na anasema mtu huyo anafanya nini. Refa anamwambia amekutana na nini. Jambo likiwa na mashaka, bahati inaamua. Wamama wa kanisa letu waliposikia, walinijia na uso wa mazishi wakiniuliza kama ni kweli tunaita mapepo pale nyuma. Niliwaambia waje waone magunia.

Refa aliingia kwenye mchezo huu akitafuta karatasi. Alikuwa amestaafu kazi ya kupima ardhi, kazi ya serikali, huko mbali, ndivyo alivyotuambia, na mikono yake ilikuwa haina la kufanya. Alitaka karatasi ya miraba ya kuchorea, na maduka ya vitabu hapa mjini hayakuwa nayo. Akaenda kwa jirani yangu Halima, mwenye duka la fotokopi. Halima alipotafuta mtandaoni, ikatokea karatasi yenye vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki, na chini yake maelezo marefu ya mzee fulani wa ng'ambo. Mzee huyo alieleza kwamba yeye na marafiki zake, tangu wakiwa vijana, walitumia karatasi hizo kuchora nchi zisizokuwepo na kuzitembea kwa maneno wakiwa wamekaa mezani. Refa alisoma akiwa amesimama kaunta mpaka Halima akamwomba radhi, anafunga kwenda kuswali.

Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Halima alimfundisha kufuata kutoka blogu moja hadi nyingine kwenye simu yake iliyopasuka kioo, na kila alichokipenda alikuja akakiprinti. Mwishowe Halima alimuuliza kama anatafuta hazina. Alipoelezwa, alisema hata yeye anataka mtu wake, na awe mwanamke mwenye ngamia wengi. Refa akamwambia ataanza na ngamia mmoja, tena mgonjwa.

Nimewaona watu wengi wakitafuta vitu mtandaoni, lakini sijaona mwingine aliyetafuta kama yeye. Alisema mtandao ni mitumba: zile za juu zimewekwa pale na muuzaji, ukitaka nguo inama uchambue. Michezo mipya yenye picha za kung'aa na sheria nene kama Biblia hakuitaka. Alitaka ya zamani, yenye sheria chache, ambayo refa anatumia akili na wachezaji wanatumia yao. Aligundua kwamba huko duniani kuna watu wengi wanaoilinda michezo hiyo. Wameziandika upya sheria za kale na kuziacha wazi, yeyote achukue. Wamechora mapango yanayoenea ukurasa mmoja tu. Wametunga orodha za mambo yanayoweza kumkuta msafiri, ukichota namba unaambiwa limekukuta lipi. Na vyote wanatoa bure. Jambo hilo lilimgusa sana. Siku moja alishika kurasa alizotoka kuprinti, zikiwa bado na joto, akaniambia, "Mama Agrovet, hawa watu wanagawa bila kupima."

Hakuchukua kitu akakiacha kilivyo. Mbwa mwitu wa kule wakawa fisi. Nyumba ya wageni yenye moto na bia ikawa kibanda cha chai na mandazi, na mwenye kibanda hakopeshi. Theluji aliifuta yote akaweka vumbi. Kwenye orodha ya mambo ya njiani alimwingiza dalali anayeuza shamba la mtu mwingine, na huyo tulimwogopa kuliko joka lolote. Kete za pande nyingi, za kurusha upate namba, hazikupatikana hapa. Akasoma mahali kwamba hata wachezaji wa mwanzo waliwahi kukosa kete, wakachota vipande vya karatasi kwenye kikombe. Akakusanya vifuniko vya soda, akaviandika namba kwa kalamu ya wino mzito ya Halima, akavitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Ulichota mwenyewe, mbele ya wote, na kilichotoka kimetoka. Ukimwangalia kwa macho ya kuomba, anakwambia, "Mkebe hauna shangazi."

Mtu wangu wa kwanza alikufa kisimani kabla chai haijapoa. Nilikasirika nikakataa kumwongezea Refa kikombe. Hakubembeleza, na hakumfufua. Aliniambia tu kwamba kama kifo hakipo, hata kuvuka mto si ushujaa. Niliona ni mzee mwenye roho ngumu, na kwa kweli alikuwa nayo. Sifa alizitoa kwa kijiko. Ukifanya jambo la akili kweli kweli, atasema "haya," na utarudi nyumbani ukiwa umejaa furaha kwa sababu ya hiyo "haya."

Lemayian alikuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi. Ni msimamizi kwenye shamba la maua kule Isinya, mtu wa miaka arobaini na kitu, mkimya. Alisikia sauti zetu nyuma ya magunia, akauliza kama ni kesi inasikizwa. Akakaa kusikiliza, na Jumapili iliyofuata akaja bila haja ya dawa. Alicheza tofauti na sisi. Halima na mimi tulikimbilia kuuliza ni nani yuko hapo na ana nini. Yeye aliuliza upepo unatoka wapi, udongo ni wa rangi gani, kinyesi kilichoko njiani ni cha leo au cha jana. Refa alimpenda mara moja. Hakusema, lakini maelezo yake yalianza kurefuka, na Jumamosi alikuwa akishinda kwa Halima akitafuta kurasa kuhusu nyayo na mawingu ili asishindwe na maswali ya Lemayian.

Mwindaji wa Lemayian alidumu zaidi ya mwaka mmoja, kisha akaanguka kwenye genge la mlimani kwa namba moja mbaya. Tuliumia. Halima alianza kusimulia mambo ya huyo mwindaji, akimtaja kila sentensi, mpaka Lemayian akamwomba kwa adabu asimtaje tena. Kwao, alisema, mtu akishaenda jina lake linapumzishwa. Halima alitaka kusema huyo hakuwa mtu wa kweli, lakini Refa aliinua mkono. Alisema hiyo sasa ni sheria ya meza. Tangu siku hiyo wafu wetu tuliwaita "yule wa genge," "yule wa kisima," na ajabu ni kwamba tuliwakumbuka zaidi.

Kuna mambo ya Refa ambayo hayakukaa pamoja kichwani mwangu kwa miaka. Wapima ardhi ninaowafahamu wana ploti Isinya, ploti Matasia, na nyingine ya mke mdogo ambayo mke mkubwa haijui. Yeye alikaa chumba cha kupanga, na hakuwa na hata mahali pa kupanda sukuma wiki. Akitembea alihesabu hatua midomo ikichezacheza, mazoea ya kazi, lakini akifika penye ua wa seng'enge alinyamaza na kuangalia chini mpaka aupite. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwenye sala ya toba sauti yake ilikuwa haitoki. Na ile nchi yake, ambayo ndani yake ungeweza kujenga, kuiba, kuoa, hata kuwa mfalme kama mkebe unakupenda, ilikuwa na katazo moja. Hakuna kuweka mpaka. Halima alipotaka kuzungushia ua mahali alipopata kwa ngamia wake, Refa alikataa kabisa. Halima akamuuliza sheria hiyo ameitoa blogu gani. Akajibu, "Hiyo ni yangu."

Ile Jumapili yote yalipofichuka ilianza vizuri. Refa alikuwa amesoma ushauri wa mzee mmoja wa ng'ambo: usitunge nchi kutoka hewani, chukua ramani ya mahali unapopajua, futa majina, kisha watembeze wachezaji humo. Ushauri huo ulimpendeza sana. Akaja na karatasi mpya, akaikunja upande wake ili tusione, na akaanza kutueleza uwanda mpya. Watu wetu walikuwa na kiu, wamebakiwa na maji ya siku moja. Mbele kulikuwa na majabali mawili yaliyoegemeana. Chini yake korongo la mchanga. Ng'ambo ya korongo, udongo mweupe ambao ng'ombe wanaulamba.

Lemayian aliweka kikombe chini. Aliuliza kama kwenye jabali la kushoto kuna ufa ambao mtoto anaweza kuingia. Refa aliangalia karatasi yake, akasema upo.

"Basi twende hapo chini, mkono wa kushoto," Lemayian alisema. "Kuna mti ya mkuyu. Ukichimba na mkono tu, unapata maji."

Mkono wa Refa ulikuwa ndani ya mkebe, akichanganya vifuniko. Ulibaki humo. Halima alicheka, akamwambia Lemayian amechungulia ramani, na hiyo ni haramu.

"Sijachungulia. Hapo ni boma ya babu yangu." Lemayian alimgeukia mzee. "Wewe ulijulia wapi?"

Refa angeweza kusema alipita tu pale zamani. Mimi ningesema hivyo. Alitoa mkono kwenye mkebe, akaufungua mtupu, akasema, "Nilipima mimi."

Mgeni wa Kajiado, kaunti yetu, lazima aelezwe. Ardhi ya wafugaji hapa ilikuwa ya jamii, ng'ombe wanakwenda penye majani. Kisha ikagawanywa, kila familia kipande chake, na wapima wakaja kupanda bikoni, yale mawe ya mpaka. Kilichobaki ndani ya bikoni zako ni chako, na kilichobaki nje, hata kama baba yako alikunywa hapo, ukapige hodi. Lemayian alituambia, bila kupandisha sauti, kwamba walipopima kwao, bikoni ilipandwa ng'ambo ya mkuyu, maji yakawa ya babu yake. Babu akachinja mbuzi. Baada ya siku chache aliamka akakuta bikoni iko upande wa huku, na maji yamekwenda kwa rafiki wa mkubwa mmoja wa kamati ya kugawa ardhi. Mwaka wa kwanza waliruhusiwa kunywesha. Mwaka wa pili ukaja ua wa seng'enge. Kiangazi kilipokuja ng'ombe wakaisha, na ardhi isiyo na maji wakaiuza kwa bei ya mtu mwenye shida. Babu alimalizia maisha yake akilinda lango la mtu.

"Ni wewe ulisogeza?"

"Niliambiwa nisogeze, nikasogeza," Refa alisema. "Nilikuwa kijana, lakini nilijua ninachofanya."

Lemayian alisimama, akavaa jaketi, akanishukuru kwa chai. Alitoka kupitia dukani, na tukasikia akirudisha mlango taratibu.

Nimejiuliza mara nyingi kama Refa alisahau kwamba Lemayian anaisoma ardhi kwa masikio, au kama alichoka kujificha akaitandaza ramani mezani akijua atakamatwa. Nilimuuliza. Alisema alitaka kupaona tena palivyokuwa kabla hapajakatwa, na kwamba alidhani akifuta majina inatosha. Alikuwa ameichora nchi ile yote ikiwa nzima, bila bikoni hata moja. Nilimwambia kwamba kwenye karatasi hata mimi ningeirudisha. Sikutaka kumwumiza, ila nilikuwa na hasira, kwa sababu nilimpenda mzee yule na nilitamani asiwe yeye.

Miezi ikapita bila mchezo. Kitu kimoja tu alikitaka sasa, na hakukificha: Lemayian akae naye tena meza moja. Hakusema asamehewe. Aliendelea kwenda kwa Halima, lakini hakutafuta tena mapango wala mazimwi. Alitafuta wale wazee wake wa ng'ambo walisema nini kuhusu refa anayetoka kwenye kiti. Akapata mmoja aliyeandika kwamba refa aliyechezesha muda mrefu anapaswa kumwachia mwingine nchi yake, na asimfundishe jinsi ya kuishika. Akaprinti ukurasa huo. Aliniomba nimpelekee Lemayian pamoja na ramani. Nilikataa, nikamwambia ajipeleke.

Alijipeleka. Macho yake yalikuwa yameanza kuisha, sukari ilikuwa imeyala, na Halima aliniambia alikwenda akiwa ameshika ukuta mpaka stendi. Alisimama langoni kwa shamba la maua mpaka wafanyakazi walipotoka. Lemayian alipokea karatasi, akazikunja, akaziweka mfukoni, akamtafutia gari la kurudi. Hakuna neno lingine lililosemwa, na Refa aliporudi alikaa dukani kwangu kwenye gunia la chakula cha kuku mpaka nikafunga.

Binti yake alikuja akamchukua, akamhamishia kwake Matasia. Alikuwa haoni tena. Nilimwendea mara kwa mara na maziwa, na kila nilipofika aliuliza kama niko peke yangu. Nikisema ndiyo, anasema "haya," na safari hii "haya" hiyo haikuwa sifa.

Mara ya mwisho sikuwa peke yangu. Lemayian alikuja dukani asubuhi, amevaa nguo za Jumapili ingawa haikuwa Jumapili, akauliza njia ya Matasia. Sikumuuliza kitu. Nilimwita Halima, tukafunga maduka yote mawili. Tulimkuta Refa kitandani, amejikunyata, uso umeingia ndani. Binti yake alitupangia viti, akabaki amesimama mlangoni.

"Sopa, mzee," Lemayian alimsalimia kwa Kimaasai.

Refa aliitikia. Lemayian alitoa ile ramani, akaitandaza juu ya blanketi, juu ya magoti ya mzee. Mikunjo ilikuwa imechakaa, ikionekana kuwa imefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Alisema amekuja kuchezesha. Refa aliuliza yeye ni nani kwenye hiyo nchi. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuwa na mtu wake.

"Wewe ni mzee umetoka mbali," Lemayian alisema. "Uko na fimbo na kiu. Umefika kwa majabali mbili. Unafanya nini?"

Refa alipapasa karatasi juu ya magoti yake. Alisema anashuka, mkono wa kushoto, lakini hafiki kwenye mkuyu. Anasimama mbali, mahali mwenye boma anaweza kumwona.

"Amekuona. Ametoka."

"Namsalimia. Namwambia ni mimi nilisogeza jiwe." Alikinga viganja. "Namwomba maji."

Halima alikuwa amebeba ule mkebe kwenye mfuko. Aliutoa, akausogeza karibu na mkono wa Refa ili achote. Lemayian alimzuia, akasema hili halichotwi, yeye ndiye atajibu. Aliangalia karatasi, akaangalia dirisha. Nilimwomba Mungu, sijui nilimwomba nini.

"Zamani ungengoja," alisema mwishowe. "Hapo ng'ombe wanakunywa kwanza, halafu mgeni. Sasa hakuna ng'ombe wa kungoja. Kuja."

Refa alilia waziwazi, macho yale yasiyoona yakitiririka mpaka shingoni. Alisema anapiga magoti, anachimba kwa mkono.

"Yametoka?"

"Imetoka," Lemayian alisema.

"Nakunywa kidogo tu."

Lemayian aliinama, akamfuta mzee uso kwa kona ya blanketi.

"Kunywa ushibe," alisema.